Je, wajua kwa nini dawa moja ya tezi dume huleta nafuu ndani ya wiki na nyingine baada ya miezi 6?

Wazee wawili wa mtaa mmoja Temeke, wote tezi dume imekua, wote wameandikiwa dawa. Mmoja, wiki haijaisha, mkojo unatoka vizuri. Mwenzake mwezi wa tatu huu bado anaamka mara nne usiku, na ameanza kusema famasi imemuuzia dawa feki. Huenda dawa haina tatizo. Dawa zao ndizo zinafanya kazi tofauti.

Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo pale unapotoka kwenye kibofu. Ikikua huubana kwa njia mbili: nyama yake imeongezeka, na misuli iliyomo ndani yake na kwenye shingo ya kibofu imekaza.

Misuli ndiyo inayolegezwa na tamsulosini, alfuzosini na doksazosini. Nafuu huja ndani ya siku chache hadi wiki mbili, lakini tezi yenyewe haipungui. Tamsulosini ni kapsuli ya miligramu 0.4 mara moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo uleule kila siku. Haitafunwi wala kufunguliwa, maana imetengenezwa iachie dawa polepole. Akiimeza tumbo tupu, nyingi zaidi huingia kwenye damu na kizunguzungu huongezeka. Na joto la Dar nalo lina mchango: mzee aliyeshinda akitoka jasho bila kunywa maji, akiinuka ghafla saa nane usiku kwenda chooni, presha hushuka akaanguka. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, dakika moja au mbili. Doksazosini hushusha presha zaidi, ndiyo maana huanzwa na miligramu 1 na kupandishwa taratibu. Aliyeiacha kwa siku kadhaa asirudie dozi kubwa kabla ya kumuuliza daktari.

Wengi hushtuka shahawa zinapotoka kidogo au zisipotoka kabisa. Hilo halidhuru mwili, na hurudi kawaida dawa ikiachwa. Anayesubiri upasuaji wa mtoto wa jicho amwambie daktari wa macho kwamba anatumia au aliwahi kutumia tamsulosini, kwa sababu hulegeza hata misuli ya jicho.

Nyama ni kazi ya finasteridi, miligramu 5 kwa siku, au dutasteridi, miligramu 0.5. Huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa homoni inayoikuza tezi, nayo hunywea polepole, takriban robo ya ukubwa wake, kwa miezi 6 hadi mwaka. Tezi ndogo hainufaiki sana. Mwenye tezi kubwa mara nyingi hupewa za aina zote mbili: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, wenye wanaume 3,047, mchanganyiko huo ulipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 66, wakati kila dawa peke yake haikufika 40.

Dawa hizi za kupunguza ukubwa wa tezi zinaweza kupunguza hamu na nguvu za kiume. Pia hushusha kwa karibu nusu PSA, kipimo cha damu kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, na hapa ndipo kwenye hatari kubwa kuliko zote: anayepima bila kutaja dawa yake anaweza kupata 3, akaambiwa yuko salama, kumbe ihesabiwe kama 6. Saratani hujificha hapo. Mama mjamzito naye asishike finasteridi iliyovunjika wala kapsuli ya dutasteridi iliyopasuka. Inaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Tadalafili miligramu 5 kila siku humfaa mwenye matatizo yote mawili, mkojo na nguvu za kiume, isipokuwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, maana presha inaweza kuporomoka vibaya.

Kisha kuna dawa za mafua. Zenye pseudoefedrini hukaza ileile misuli inayolegezwa, na klorofeniramini hudhoofisha msukumo wa kibofu. Mzee anaweza kuzinunua jioni, usiku mkojo ukagoma kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma. Asisubiri kukuche, wala asinywe maji mengi akidhani yatausukuma. Apelekwe hospitali awekewe mpira wa kutoa mkojo; kwa kawaida huanzishiwa dawa ya kulegeza misuli, na baada ya siku mbili tatu mpira hutolewa kuona kama anakojoa mwenyewe.