Fedha Zimeshuka Hadi Zahanati, Usimamizi Nao Ushuke

Katika mikutano mingi ya vijiji mkoani Dodoma, swali la dawa likiulizwa huelekezwa juu. Mwananchi anasimama, anasema zahanati haina dawa za presha tangu mwezi uliopita, kisha anamwomba mwenyekiti alifikishe suala hilo kwa Mkurugenzi, au kwa Mkuu wa Wilaya, au kwa "serikali". Mwenyekiti anaandika, anaahidi kulifikisha, na mkutano unaingia ajenda nyingine. Huku nyuma, chini ya mti ule ule, wameketi wajumbe wa Kamati ya Uendeshaji wa Kituo, ambao kwa utaratibu ndio wa kwanza kupaswa kulijibu. Hakuna aliyewauliza, nao hawakunyoosha mkono.

Mazoea haya yana chanzo chake. Kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao wahisani huuchangia, ziliishia kwenye akaunti ya halmashauri. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ndiyo iliyopanga, ikanunua na kugawa. Zahanati ilipokea ilichopewa. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ulibadilika: fedha hizo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo chenyewe, iwe zahanati ya kijijini au kituo cha afya cha kata. Kituo kinaandaa mpango wake, kinatumia fedha zake na kuweka hesabu zake kwenye mfumo wa kielektroniki wa hesabu za vituo. Maamuzi ya matumizi yameshuka ngazi nzima, lakini macho ya wananchi bado yanatazama kule yalikokuwa zamani.

Kamati ya Uendeshaji ina wawakilishi wa wananchi wanaotumia kituo, wakiwa pamoja na wajumbe kutoka serikali ya kijiji au kata na watoa huduma wengine wa eneo hilo. Mganga mfawidhi, yaani kiongozi wa kituo, ndiye katibu. Kazi ya kamati si kupamba vikao. Inajadili na kupitisha mpango na bajeti ya kituo, inafuatilia mapato na matumizi, inapokea malalamiko na kuyarudishia majibu. Juu yake ipo Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, halafu Baraza la Madiwani, ambalo kamati yake ya huduma za jamii huipitia taarifa ya afya kabla haijafika barazani. Mganga Mkuu na timu yake wanawajibika kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi kwa baraza. Ngazi hizi hazifupishwi na umbali. Mkazi wa Chamwino anaishi jirani na Ikulu, na Mji wa Serikali wa Mtumba si safari kwake, lakini swali la panadoli zilizokwisha bado linaanzia mkutano wa kijiji.

Tukae kidogo kwenye dawa, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa na ndipo ufuatiliaji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Gari la Bohari ya Dawa likifika zahanati, linakuja na karatasi inayoonyesha kila kilicholetwa na kiasi chake. Wajumbe wa kamati wanatakiwa kuwapo, kuhesabu na kutia saini kama mashahidi. Baada ya hapo kila dawa inaingizwa kwenye leja yake: tarehe, kiasi kilichopokelewa, kilichotolewa, kilichobaki. Tuseme karatasi ya mapokezi inasema maboksi 30 ya dawa ya mseto ya malaria, na leja ya siku hiyo imeandikwa 20. Hilo halihitaji mkaguzi kutoka Dar es Salaam. Linamhitaji mjumbe anayejua kusoma tarakimu, aliyeomba karatasi zote mbili ziwekwe mezani pamoja. Tatizo tunalokutana nalo mara kwa mara katika mafunzo ya kamati ni kwamba mjumbe anaitwa jioni, gari limeshaondoka, maboksi yameshapangwa stoo, na yeye anaombwa "aweke sahihi tu". Sahihi ya namna hiyo ni bora isiwepo, kwa sababu inamfunga mjumbe kwa kitu ambacho hakukiona.

Tena kauli "dawa hakuna" huficha mambo tofauti. Huenda Bohari yenyewe haikuwa nayo, na hapo kituo kinapaswa kuwa na uthibitisho kwamba kiliomba kikakosa. Kikishakosa, kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Utaratibu huo, unaoitwa Jazia, ulianzia hapa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa nchi nzima, kwa hiyo hakuna halmashauri ya mkoa huu inayoweza kuuita mgeni. Huenda pia fedha zilikuwapo lakini maombi yalichelewa kupelekwa. Au maombi yalikwenda kwa wakati ila akaunti ilikuwa tupu. La kwanza linaihusu Bohari, la pili linamhusu mfawidhi, la tatu linaipeleka kamati kwenye mapato. Mjumbe akiuliza "ni lipi kati ya hayo?" na kutaka kuona karatasi yake, kikao kinabadilika sura.

Kwenye mapato, nitamtetea kidogo mganga mfawidhi. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wachache sana, na tabibu yule yule anayepokea wagonjwa asubuhi ndiye anayezalisha usiku na kujaza hesabu wikiendi. Mhasibu msaidizi akiwepo, huwa anahudumia vituo kadhaa. Kwa hiyo kosa katika daftari si lazima liwe wizi, na kamati inayoanza kwa kunyoosha vidole huishia kufichwa mambo. Ila kosa linalojirudia katika robo mwaka tatu mfululizo si bahati mbaya tena.

Mapato ya kituo yana njia zaidi ya moja. Ipo fedha ya Mfuko wa Pamoja, ipo ya papo kwa papo inayolipwa na mgonjwa asiye na bima, yapo malipo ya bima, na imekuwapo michango ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, ambao kuanzia 2018 kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwananchi anayelipa papo kwa papo adai risiti ya serikali. Kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari si risiti. Ufahamike pia msamaha: kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa zaidi ya miaka 60 wasio na uwezo hutibiwa bila malipo. Kituo chenye watoto na wajawazito wengi kitaonekana "hakikusanyi" ukilinganisha na cha mjini, na diwani anayekilaumu kwa hilo amesoma safu moja tu ya jedwali. Kwa upande wa bima, swali lenye tija ni madai mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani. Fomu iliyojazwa vibaya ni huduma iliyotolewa bure bila kukusudia, na suala hili litazidi kuwa zito kadiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inavyotekelezwa.

Kuhusu majengo nitasema machache. Pale zahanati inapojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wanaosimamiwa na jamii na halmashauri yenyewe badala ya mkandarasi, huwapo kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na hazipaswi kuwa watu wale wale waliobadilishana kofia. Wananchi wakiwa wameinua boma kwa nguvu zao, mawe, mchanga na maji waliyobeba vithaminiwe kwa shilingi na viandikwe. Bila hivyo taarifa ya mradi itaonyesha kwamba fedha ya serikali ilijenga jengo zima kuanzia msingi, na tofauti hiyo ni mwanya.

Afya ya jamii haiishii dirisha la dawa. Mkoa huu unaijua trakoma, ugonjwa wa macho unaokwenda sambamba na uhaba wa maji ya kunawa uso. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Chemba na Kondoa. Hakuna zahanati ambayo ingezuia vifo vile kwa vidonge, kwa sababu kinga ilikuwa shambani na ghalani. Kazi hizo ni za afisa afya, afisa ugani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa maoni yangu ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana, kwa kuwa hakuna foleni ya watu wanaozidai. Kamati ikipitia mpango wa kituo iangalie mstari wa huduma za mkoba, yaani zile zinazowafuata watu vitongojini. Kama kitongoji kiko mbali na kituo na mpango hauna mafuta ya pikipiki ya kupeleka chanjo, basi chanjo haitafika huko, hata kama jokofu limejaa.

Wapo wanaosema yote haya tumwachie CAG. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ana kazi yake, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu hoja zake. Lakini tazama kalenda. Fedha iliyotumika Julai iko ndani ya mwaka wa fedha unaofungwa Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ripoti inakabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi baada ya hapo, kisha inawasilishwa bungeni. Kati ya matumizi na hoja kujadiliwa hadharani hupita zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mfawidhi ameshahamishwa, mjumbe wa kamati amemaliza muda, stakabadhi imeliwa na mchwa. Tena hesabu za CAG ni za halmashauri nzima, na zahanati yenu inaweza isitajwe popote.

Taarifa ya mapato na matumizi ya kituo si siri. Inatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa zahanati na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Isipobandikwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi, na mamlaka iliyoombwa inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya nusu ukurasa inatosha: jina la kituo, robo ya mwaka inayoulizwa, taarifa inayotakiwa. Nakala apelekewe mtendaji wa kijiji, na mwombaji abaki na moja yenye muhuri wa mapokezi. Pakiwa na dalili za rushwa, mlango ni TAKUKURU, na simu yao ya 113 haitozwi.

Kuna jambo la kwetu huku kanda ya kati ambalo miongozo haiandiki. Bajeti za halmashauri hukamilishwa kati ya Januari na Februari, na huo ndio wakati watu wa Bahi, Kongwa na Mpwapwa wako shambani, kwa sababu mvua yetu ni moja, ya Desemba hadi Aprili, na anayechelewa kupalilia mtama hana msimu mwingine wa kufidia. Mkutano wa robo hiyo hukosa watu, na mpango wa zahanati unapita kwa sauti za wachache. Vijiji vinavyolimudu hili huleta rasimu ya mpango wa kituo vitongojini mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, kitongoji kwa kitongoji, mwenyekiti wa kamati akiwa na karatasi mkononi na mfawidhi pembeni yake. Maoni yanaandikwa kwenye muhtasari, unasainiwa na kupelekwa ofisi ya kata. Januari ikifika, diwani anaingia kwenye kikao cha bajeti akiwa na muhtasari huo, hata kama wapiga kura wake wote wako kwenye palizi.