Nundu za Mgunga Hazitengenezwi na Sisimizi

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wa mwaka wa pili: "Mwalimu, sisimizi huchukua muda gani kutengeneza hizo nundu?" Hawatengenezi! Mgunga unaopiga mluzi, eluai kwa Wamaasai, huvimbisha wenyewe sehemu ya chini ya baadhi ya miba yake. Miche ya kitaluni isiyowahi kukanyagwa na sisimizi hutoa nundu vilevile.

Nenda Laikipia, Kenya, mvua zikishanyesha, ukate nundu changa. Ni laini, ya zambarau, kisu kinapita bila taabu, wala haina tundu. Ikikauka inakuwa nyeusi na ngumu. Sisimizi huitoboa tu na kuhamia. Upepo ukivuma kwenye matundu, unasikia mluzi. Basi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni kusema "sisimizi wa mgunga" kana kwamba ni mmoja. Laikipia wako wa aina nne, na kwa kawaida kila mti una wenyeji wa aina moja tu. Crematogaster mimosae akitikiswa hutoka kwa mamia, hata tembo huona heri aende mti mwingine. Crematogaster sjostedti hakai sana kwenye nundu. Makazi yake ni mashimo yanayochimbwa na viwavi vya mbawakawa ndani ya shina, kwa hiyo yeye hawafukuzi wadudu hao. Crematogaster nigriceps naye ni mkali kwa tembo, lakini hutafuna vichipukizi. Nimesimama mbele ya mgunga wake: jirani zake wamejaa vitufe vyeupe vya maua, wenyewe hauna hata kimoja. Vitabu huita huo ushirika. Mimi kila nikifika kwenye neno hilo darasani, nasita.

Miti hii ndiyo kichaka chenyewe kule kwenye udongo mweusi. Mijusi hujificha humo, tumbili aina ya patas hula gundi yake na sisimizi wake, simba huvizia pundamilia nyuma yake. Sasa ameingia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala. Anawaua sisimizi walinzi, tembo wanavunja miti, uwanda unabaki mweupe. Utafiti wa Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama iliyoko Laikipia, uliochapishwa 2024 ulionyesha pundamilia wakishuka kutoka asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020. Simba wamegeukia nyati.

Mgeni huyo husafiri na mizigo yetu. Ukipeleka miche au udongo kule, tafadhali, kagua kila chungu kabla hujakishusha.