Walker si "mtembeaji"

Wengi tuliosoma Kiingereza shuleni tukikutana na jina la ukoo Walker tunalitafsiri papo hapo: mtembeaji. Sivyo. Ni jina la kazi, kutoka neno la Kiingereza cha kale wealcere, fundi aliyekanyaga vitambaa vya sufu.

Kitambaa kilipotoka kwa mfumaji kilikuwa kimelegea, kimejaa mafuta ya kondoo. Kililowekwa kwenye maji yenye udongo maalumu au mkojo uliochacha, kisha fundi akakikanyaga kwa miguu mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito cha kuzuia baridi. Kazi ya kuchosha, yenye harufu kali, nami naona inastahili heshima kuliko hiyo tafsiri yetu ya haraka. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vikaanza kuifanya kazi ya miguu, lakini jina likabaki.

Kusini-mashariki mwa Uingereza fundi huyohuyo aliitwa Fuller, kusini-magharibi Tucker. Walker ni wa kaskazini zaidi. Na kwa kuwa kila mji uliofuma sufu ulikuwa na mafundi wake, Walker wawili si lazima wawe ndugu.