Inveta ya sola ikizima: pima nyaya kabla ya kufungua boksi

Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ikilia na kuzima kila friji inapojiwasha, wengi huilaumu inveta yenyewe. Tunashauri nyaya za betri zipimwe kwanza. Inveta ya volti 12 ikitoa wati 1,000 huvuta karibu ampea 95 kutoka kwa betri. Kwa mkondo huo, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu hupoteza takriban volti 1 na kutoa joto la wati 90. Betri ina volti 11.5, inveta inapata 10.5, nayo inveta nyingi hujizima hapo.

Mjini Lamu, na hata Shela na Matondoni, hewa ya chumvi hula shaba haraka. Ukiona ungaunga wa kijani pale waya unapofungwa kwa nati, chanzo unacho. Washa mzigo, kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye nati ya inveta, upande uleule wa chanya. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, fungua, sugua mpaka shaba ing'ae, kaza. Rudia upande wa hasi.

Nyaya zikiwa safi ndipo ufungue boksi. Ondoa betri na sola kabisa. Kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme) kubwa za ndani huweza kubaki na volti 300 hadi 400, na hizo zinaua. Zipime, zikiwa bado na umeme, zimalize kwa rezista (kipuri kinachozuia mkondo) ya kiloomu 2, wati 10, iliyofungwa kwenye nyaya zenye mpira. Usizimalize kwa bisibisi.

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Kwa mosfeti (swichi za kielektroniki zenye miguu mitatu: geti, dreini na sosi) za kawaida za upande wa betri, waya mwekundu wa mita kwenye sosi na mweusi kwenye dreini hutoa volti 0.4 hadi 0.6. Ikisoma 0.00 pande zote mbili, kuna shoti. Lakini mosfeti hizi hufungwa sambamba: moja ikifa, kundi zima husoma shoti, hivyo huna budi kuzing'oa ndipo umjue mgonjwa. Badilisha kundi lote kwa aina moja, maana zilizosalia zimekwisha kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Pima pia rezista ndogo za geti, kwani nazo huungua. Fundi akibadilisha mosfeti moja tu, inveta itarudi kwake karibuni.

Kabla ya kurudisha betri moja kwa moja, pitishia umeme kwenye taa ya gari ya wati 55 iliyowekwa kati ya betri na inveta. Taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti bado ipo.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua mafundi wa pwani: inveta hugoma usiku, na ifikapo adhuhuri inafanya kazi vizuri. Hapo shuku chumvi kwenye ubao. Chumvi hunyonya unyevu wa usiku na kupitisha umeme kidogo kati ya miguu ya vipuri, mosfeti zikawashwa ovyo. Osha ubao kwa maji yaliyokenekwa (distilled) na brashi laini, kwani spiriti peke yake haiyeyushi chumvi vizuri, umalizie kwa spiriti ya isopropili, uukaushe kabisa, kisha upake vanishi ya saketi. Vanishi isiguse soketi, fyuzi wala viunganishi.