Kuku wenye vilemba vyekundu wasiotaga: mkamba wa kuambukiza katika mabanda ya Lubumbashi

Mwanzoni mwa mwaka jana mama mmoja mfugaji, mkazi wa komuni ya Annexe, aliniita nitazame kuku wake wa mayai waliokuwa wamefikisha wiki 28. Walikuwa kuku wazuri: vilemba vyekundu, manyoya yaliyolala vizuri, macho makavu, na kila asubuhi walikuwa wakiingia katika viota na kukaa humo kama watagaji wowote. "Dokta, kuku wangu wanapendeza, lakini plato hazijai," aliniambia, yaani trei za mayai. Alikuwa amekwisha kubadilisha chakula mara mbili, akaongeza vitamini na saa za mwanga, na bado sehemu kubwa ya kuku hao hawakutoa hata yai moja. Kwa ruhusa yake nilichinja watatu na kuwapasua. Kifuko cha viini kilikuwa kimejaa viini vya ukubwa mbalimbali, kama inavyotakiwa, lakini mrija wa mayai, ambao kwa kuku anayetaga hufikia urefu wa sentimita 60 au zaidi, kwa kuku mmoja ulikuwa umekoma katikati, na kwa wale wawili ulikuwa umegeuka kuwa mfuko uliojaa maji. Viini vilivyokomaa vilikuwa vikidondokea tumboni kwa kukosa njia.

Nilimwuliza kama vifaranga hao walipata kukohoa. Alifikiri kidogo, kisha akakumbuka kwamba mwezi wa saba, walipokuwa na siku kumi hivi, walipiga chafya usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Walikufa wachache, waliobaki wakapona, na jambo lile likasahauliwa.

Ugonjwa huo ni mkamba wa kuambukiza wa kuku. Unaletwa na kirusi cha jamii ya korona, na kwa kuwa jina hilo huwatia watu hofu tangu mwaka 2020, niseme mapema kwamba kirusi hiki ni cha kuku, hakimwambukizi binadamu, wala hakihusiani na chanjo tulizochomwa sisi. Kilijulikana zamani sana: ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1931 na watafiti Schalk na Hawn huko North Dakota, Marekani, ukidhaniwa kwanza kuwa ni maradhi ya vifaranga tu. Baadaye ndipo ilipofahamika kwamba unawapata kuku wa umri wote, na kwamba hasara yake kubwa mara nyingi haiko katika vifo.

Kirusi huingia kwa pumzi. Saa 18 hadi 48 baada ya kuambukizwa kuku huanza kupiga chafya, kutokwa na makamasi na kukoroma, na kwa sababu kinasafiri hewani, banda zima linaweza kuugua ndani ya siku moja au mbili. Kasi hiyo ni alama ninayoitegemea sana. Ingia bandani usiku, zima taa, usimame kimya dakika tano, utasikia mikoromo kutoka kila pembe. Ugonjwa wa Newcastle, unaojulikana pia kama kideri au mdondo, nao huanza kwa kukohoa, lakini mara nyingi huleta kuhara kijani, shingo kupinda, miguu kupooza, na vifo vingi. Hata hivyo masikio na macho hayatoshi kuthibitisha. Uthibitisho hutoka maabara, kwa ute wa koo uliochukuliwa katika siku za kwanza za ugonjwa, si wiki tatu baadaye kama ninavyoletewa mara kwa mara.

Kirusi hakiishii kooni. Kinaharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, kikifungua mlango kwa bakteria, na vifaranga wengi hufa kwa sababu ya bakteria hao. Aina fulani hushambulia figo: kuku hunywa maji kupita kawaida, kinyesi chao huwa majimaji, na ukiwapasua unakuta figo zimevimba na kupauka. Kisha kuna mrija wa mayai. Kuku mkubwa anayeugua wakati anataga hupunguza mayai, na anayotoa huwa na maganda yaliyopauka, yenye makunyanzi au yaliyopinda. Ukivunja yai juu ya sahani, ute mweupe unatiririka kama maji. Baada ya wiki sita hadi nane hali hutengemaa, ingawa mara nyingi utagaji haurudi pale ulipokuwa. Lakini kifaranga aliyeambukizwa kabla ya kutimiza wiki mbili, bila kinga yoyote, anaweza kuharibika mrija ule ungali mchanga, na uharibifu huo hauponi. Atakula miezi mingi, atapendeza, atakaa kiotani, na hatataga kamwe. Ndiyo sababu mama yule alikuwa akilaumu chakula cha Januari kwa kosa la Julai.

Mji wetu uko juu, karibu meta 1,200 na zaidi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni wa baridi kali kwa kifaranga wa siku chache. Mfugaji hufunga banda kwa plastiki pande zote na kuwasha mbabula ya makaa, au makala kama tunavyosema hapa. Moshi, vumbi la kiangazi na harufu kali ya mkojo inayopanda kutoka kwenye maranda yaliyolowa vinachubua koo kabla kirusi hakijafika. Nafahamu kwamba umeme hukatika na kwamba kifaranga aliyepoa hufa. Nashauri hata hivyo upande wa juu wa ukuta uachwe wazi kiasi cha kiganja, na mbabula iwashwe nje hadi moshi uishe ndipo iingizwe. Vifaranga wengi huletwa kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, wakiwa wamechoka kwa safari, hivyo siku ya kupokelewa wanahitaji joto na maji kabla ya kitu kingine.

Hakuna dawa inayoua kirusi hiki ndani ya kuku. Antibiotiki zinazotolewa kila kuku anapokohoa hazikigusi. Zina kazi pale tu bakteria wanapofuata, na hapo daktari ndiye wa kuamua. Ongeza joto la banda kidogo, punguza vumbi, toa maji safi yenye chumvichumvi za mwili ikiwa figo zimeguswa.

Kinga ndiyo penye kazi. Mwaka 1941, huko Massachusetts, Marekani, mtafiti Van Roekel alianza kuwaambukiza kwa makusudi kuku wadogo kabla hawajaanza kutaga, ili waugue mapema na kupona. Chanjo hai za leo zimetokana na wazo hilo, kwa virusi vilivyodhoofishwa. H120, inayouzwa mahali pengi, ilipitishwa mara 120 katika mayai yenye kijusi cha kifaranga hadi ikalegea. Ugumu ni kwamba kirusi hiki hubadilika, na chanjo ya aina moja haikingi vizuri dhidi ya kila nyingine. Kuchanganya katika ratiba moja chanjo ya H120 na ile ya 4/91, iliyotokana na aina nyingine ya kirusi hiki, hupanua kinga. Ninapendelea dozi ya kwanza katika siku za mwanzo kabisa, ikiwezekana huko huko wanakototolewa, ya pili wiki ya pili au ya tatu, na chanjo iliyouawa, ya sindano, kabla ya kutaga.

Chanjo hai hufia mikononi mwetu. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo. Tumia maji ya kisima safi, au yaache wazi usiku kucha, kisha tia gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, dakika chache kabla ya chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili, uwape alfajiri, yaishe ndani ya saa mbili. Chupa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu dukani, ndani ya sanduku la barafu. Wachanje wote siku moja, kwa maana ukiacha nusu, kirusi cha chanjo kitazunguka kutoka kuku hadi kuku na kurudisha ukali wake. Chafya chache siku ya tatu hadi ya tano ni za kawaida.

Kirusi chenyewe ni dhaifu nje ya kuku: sabuni na dawa za kawaida za kuua vijidudu hukimaliza, mradi kinyesi kiondolewe kwanza. Yule mama aliuza kundi lote, akaosha kuta, akaacha banda tupu wiki tatu, wala hakuchanganya tena kuku wa umri tofauti. Plato za kuazima kutoka kwa jirani nilimkataza, nazo ndizo alizobishia zaidi.

Sasa ana daftari limefungwa kwa kamba mlangoni, na ndani yake kumeandikwa tarehe ya kila chafya.