Kujaza jedwali la makumi na mamoja si kuelewa makumi

"Ameshaelewa, jedwali lote kapata," mwalimu husema. Jamani. Mtoto aliyeweka 3 ya 34 chini ya makumi na 4 chini ya mamoja amethibitisha kwamba anajua kushoto na kulia. Ungempa nyota na pembetatu angezipanga vivyo hivyo.

Mpime hivi. Mpe vizibo 16 vya soda, avihesabu, aandike 16. Zungushia ile 6, umwambie akuonyeshe vizibo vyake, atatenga sita. Sasa zungushia 1. Wengi watasogeza kizibo kimoja. Tisa vinabaki mezani havina mwenyewe, na mtoto wala hashtuki.

Vijiti, basi. Sitini hivi kwa kila watoto wawili, pamoja na mipira ya kufungia. Wahesabu kumi, wafunge wenyewe. Ukileta mafungu uliyofunga nyumbani, kwao fungu ni kitu kimoja tu kinachoitwa kumi. Wafungue, wahesabu, wafunge tena. Fungu la vijiti tisa halikosekani, kwa hiyo mmoja afunge, mwenzake akague. Sarafu na abakasi zisubiri: sarafu ya shilingi kumi haifunguki, na shanga ya makumi ina ukubwa uleule wa shanga ya mamoja.

Anayeandika 305 kwa thelathini na tano hajakosea ovyo. Kasikia thelathini, kaandika 30. Kasikia tano, kaongeza 5. Mpe kadi ya 30 na kadi ndogo ya 5, aiweke ya 5 juu ya sifuri.

Kinachorukwa karibu kila mahali ni hiki: 34 si lazima iwe mafungu 3 na vijiti 4. Ni mafungu 2 na vijiti 14 pia, au fungu 1 na vijiti 24. Asiyekubali hilo ataumia kwenye 52 − 18. Ataandika 46, maana 2 kutoa 8 "haiwezekani", basi anageuza, 8 kutoa 2. Na usimwambie "kopa", kwa sababu hakuna kitakacholipwa. Afungue fungu moja: mafungu 5 na vijiti 2 yanakuwa mafungu 4 na vijiti 12. Aondoe vijiti 8, kisha fungu 1. Zinabaki 34. Kujumlisha ni kinyume chake: anayepata 312 kwenye 27 + 15 ana vijiti 12 ambavyo hajavifunga.

Kutoka kwenye vijiti kwenda kwenye daftari ndiko bado kunanisumbua. Wapo wanaofungua mafungu bila kosa, ukiondoa vijiti tu wanarudi kwenye 46. Kuandika kila hatua papo hapo vijiti vinapohamishwa huwasaidia wengi, si wote. Mimi naviacha mezani mpaka mtoto mwenyewe aache kuvigusa. Kwa darasa la watoto 80 ushauri huo ni mgumu, najua. Nusu ya vijiti itakuwa panga za vita kabla ya kengele ya mapumziko.