Siku 21 za kuku si siku 21 za Ebola

Juzi kwenye matanga hapa Majengo, mtaa wa Goma, Kongo, baba mmoja aliyeketi karibu na moto alieleza kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Ile mpox, ukiguswa leo, unahesabu siku makumi mbili na moja, ndiyo inatoka. Ni inkubasio yake." Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanywa chai yangu kimya, maana matangani si mahali pa kubishana. Lakini sentensi ya namna hiyo, mara ya Ebola mara ya mpox, nimeisikia tangu 2019, kwa wamotari wa pikipiki, kanisani, hata kwa mwalimu wa biolojia, na nimechoka kuinyamazia.

Maana yenyewe ni fupi. Kipindi cha uatamizi, ambacho huku kwetu tunakiita inkubasio, ni muda kati ya siku kijidudu kinapoingia mwilini na siku dalili ya kwanza inapojitokeza. Basi. Si muda wa kuugua, si muda wa kufungiwa nyumbani. Kipindupindu huchukua saa chache hadi siku 5. Kichaa cha mbwa mara nyingi ni miezi 2 au 3, na kuna wanaopita mwaka. Ebola ni siku 2 hadi 21. Shika hilo neno "hadi", tutalirudia.

Kosa linaanzia kwenye jina. Kwa Kilatini, incubare ni kulala juu ya kitu, na mlalaji aliyekusudiwa ni kuku. Kiswahili cha vitabuni kinasema kuatamia, lakini mama yeyote wa Goma anayefuga atakuambia "kuku yangu inalalia mayai", na hapo, bila kupita seminari, amelitafsiri neno la Warumi kama lilivyo. Kifaransa nacho kina couver, kutoka mzizi uleule wa kulala, ndiyo maana mashine ya kuangulia vifaranga na kile kisanduku cha joto cha watoto njiti vyote tunaviita kuvezi. Zamani neno hili lilikuwa na kazi nyingine pia. Mgonjwa alikwenda kulala usiku katika hekalu la Asclepius, mungu wa uganga, akitumaini kuletewa tiba ndotoni, na kulala huko kuliitwa incubatio. Mgonjwa ndiye alilala akingoja dawa. Leo tunasema ugonjwa ndio umelala ndani ya mtu.

Sasa tazama bahati mbaya. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku ngapi? 21. Na kikomo cha Ebola ni siku ngapi? 21. Ni sadfa tupu, virusi havijui habari za kuku, lakini aliyekulia kwenye ua wenye kuku hawezi kuikwepa. Anakumbuka mistari ya makaa ukutani, mmoja kila siku, na asubuhi ya mstari wa 21 sauti za vifaranga chini ya mabawa. Mtu huyo akiambiwa "inkubasio ni siku 21", anachoona kichwani ni yai. Ugonjwa umetulia siku 20, na siku ya 21 unatoboa ganda.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola alithibitishwa Goma tarehe 14 Julai 2019, akitokea Butembo, na katika miezi ile nilikuwa kwenye timu ya kufuatilia waliogusana na wagonjwa. Kazi ilikuwa ya kuzunguka: kila asubuhi kipimajoto mkononi, karatasi yenye vyumba 21, unauliza habari za usiku, unajaza chumba kimoja. Kulikuwa na mama mmoja muuza makaa, mcheshi, ambaye siku zote zile alinipokea kwa utani na kuninyooshea paji la uso kabla sijaomba. Siku ya 21 nilikuta mlango umefungwa na watoto wamepelekwa kwa shangazi yao. Yeye alikuwa ndani peke yake, ameoga, amevaa kitenge kipya. "Mwanangu, usiingie," akasema kwa dirishani. "Leo ndiyo siku yake." Alikuwa amejiandaa kufa siku ileile sisi tuliyopanga kumpigia makofi.

Hakuna aliyemdanganya. Tulimwambia "siku 21" tukadhani tumeeleza.

Timu ya Shirika la Afya Duniani, ile tunayoiita OMS, ilipopiga hesabu za wagonjwa wa Afrika Magharibi mwaka 2014, wastani wa uatamizi ulikuwa siku 11.4, na takriban asilimia 95 ya wagonjwa walikuwa wameonyesha dalili ndani ya siku 21. Kwa hiyo mama yule hatari yake kubwa ilikuwa katikati ya karatasi, siku zile alizokuwa akinitania, na kufika chumba cha mwisho akiwa mzima ilikuwa dalili ya kupona hofu. Namba 21 ni ukuta wa nyuma wa kiwanja. Tena ni ukuta uliowekwa na watu, kwa kuamua ni hatari kiasi gani inayobaki wanaweza kuivumilia. Ndiyo maana mwisho wa mlipuko hutangazwa baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili, kwa usalama zaidi. Ule wa Kivu Kaskazini na Ituri ulioanza Agosti 2018 ulitangazwa kwisha hivyo, tarehe 25 Juni 2020.

Mtu ataniuliza, hizo namba mmezitoa wapi, mmelipasua yai mkaangalia? Zinakadiriwa, na kukadiria kunahitaji tarehe mbili. Ya pili ni rahisi, kila mtu anakumbuka homa ilimshika lini. Ya kwanza ndiyo kazi. Binti amemuuguza mama yake siku sita, akamwosha maiti siku ya saba: aliambukizwa lini? Hakuna ajuaye. Unaandika siku ya mapema kabisa na siku ya mwisho kabisa, na hesabu inafanywa kwa dirisha zima, si kwa tarehe moja. Mgonjwa wa dhahabu ni yule aliyehudhuria maziko mara moja tu, akarudi kwake.

Aliyewahi kupata wagonjwa wa dhahabu kwa wingi ni daktari kijana Mdenmark, Peter Panum, aliyetumwa visiwa vya Faroe mwaka 1846 wakati surua ilipowaangusha watu kama 6,000 kati ya 7,800. Fikiria Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu, lakini Idjwi ambayo mashua huonekana kwa nadra. Wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnuvík walikwenda tarehe 4 Juni kuwinda nyangumi penye watu wengine, wakarudi. Tarehe 18 Juni wote kumi wakatokwa na upele. Siku 14, bila kompyuta. Ila angalia alichopima: upele. Homa ya surua hutangulia upele kwa siku kadhaa, kwa hiyo uatamizi wenyewe, hadi dalili ya kwanza, ni mfupi kidogo. Hata mtu makini hivyo, ukimnukuu ovyo unakosea.

Kuna mtego mwingine ninaoupenda, wa mlipuko ukiwa bado mchanga. Nenda bandarini Goma asubuhi, uwaulize walioshuka kutoka Bukavu leo hii wamesafiri saa ngapi. Wote watakutajia saa chache, kwa sababu waliokwisha kufika ni wa boti za mbio. Wa meli ya polepole bado wako ziwani. Hivyo hivyo wiki za kwanza za ugonjwa: unaowahesabu ni wale uliowatoka haraka, na makadirio yanakuwa mafupi kuliko ukweli hadi wa polepole nao watie nanga. Wanaojua hesabu wana njia za kulisahihisha hilo, na pia wanajua umbo la kutegemea, maana Philip Sartwell, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, alionyesha mwaka 1950 kwamba magonjwa mengi hufanana: wagonjwa wengi hurundikana mapema, kisha mkia mrefu wa wachache wanaochelewa. Vifaranga havina mkia wa aina hiyo.

Na jamani, anayeatamia si lazima awe haambukizi. Muda wa kutoambukiza ni kipimo kingine kabisa. Kwa Ebola tuna bahati, mtu haambukizi kabla ya dalili, ndiyo maana yule mama aliruhusiwa kuuza makaa yake muda wote ule. Surua huambukiza siku kama 4 kabla ya upele, mtoto akiwa bado na mafua tu ya kawaida machoni pa mamaye. Kusema "yuko kwenye inkubasio, hana shida" kunategemea sana ni ugonjwa gani.

Kwa hiyo baba yangu wa matangani, shikamoo, na hivi ndivyo ningekujibu kama tungekuwa mahali pengine: mpox nayo hutoka siku yoyote ndani ya siku 21, si lazima siku ya 21. Hesabu ianze siku ya mgusano wa mwisho, si siku timu ilipobisha hodi. Na mtu akifika asubuhi ya 21 bila homa wala kipele, mwambie afungue mlango, watoto warudi kutoka kwa shangazi.